Aliyemsubiri Mwanahalima Chini ya Bahari

Dada yangu Mwanahalima hajawahi kuingia baharini hata maji yakamfika magotini. Bahari ameiona, mara tatu au nne, alipokwenda mjini kwenye harusi na misiba ya watu. Lakini kwao ni Kisarawe, amezaliwa huko na kuolewa huko, na maji aliyoyajua maisha yake yote ni maji ya kisima. Kwa hiyo nikieleza jinsi alivyokaa sehemu ya eda yake akiwa chini ya bahari, naomba msinicheke mapema.

Namwita dada kwa sababu mama zetu ni ndugu wa tumbo moja, yeye mtoto wa mkubwa, mimi wa mdogo. Tulisoma pamoja mpaka la saba. Mimi nikaolewa Kibaha, kata ya Pangani, yeye akaolewa hapo hapo Kisarawe na Jumbe, fundi wa kuchimba visima.

Jumbe alichimba visima Kisarawe yote, akavuka mpaka Soga na Gwata. Miaka ya mwanzo msaidizi wake alikuwa mkewe. Mume anashuka na sururu na kijembe kifupi, mke anabaki juu ameshika kamba. Ndoo ikijaa udongo, Jumbe anaivuta kamba mara mbili, na Mwanahalima anapandisha. Zinapita saa nzima hawajasemezana neno. Kisima kikiwa kirefu hamwoni tena mumewe, anaona kiza tu na kamba inayoingia ndani yake. Jioni wakirudi anamuuliza, "Kwani huko chini kukoje?" Jumbe anajibu, "Kuko kimya." Basi. Ndivyo alivyokuwa Jumbe, maneno yake unaweza kuyahesabu.

Na alikuwa na jambo lake jingine ambalo watu wote waliomjua wanalikumbuka. Hakutembea sambamba na mkewe. Alitangulia, hatua ndefu, mpaka kwenye kona ya njia. Pale anasimama, amempa mgongo, hageuki. Akisikia kandambili za mkewe zimekaribia, anaondoka tena mpaka kona ya pili. Wasichana wa enzi zetu walimtania Mwanahalima.

"Mumeo anakukimbia, shoga!"

"Hanikimbii," alikuwa akijibu. "Ananitangulia. Mtu anayekimbia hasimami."

Walikwenda hivyo miaka thelathini na minane.

Jumbe alifariki mwezi wa Rajabu, Alhamisi kabla ya adhuhuri, nyumbani kwake, baada ya kuugua kifua kwa miezi. Mwanahalima alikuwa amemshika miguu. Mwenyezi Mungu amrehemu na ampe kauli thabiti. Tukamzika alasiri ile ile, na Mwanahalima akaingia eda.

Kwa asiyejua, mke aliyefiwa kwetu sisi hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki bila dharura, hajipambi, hapaki wanja wala hina wala manukato, haposwi, na hakai na mwanamume asiye maharimu wake. Wifi yake, Bi Nuria, dada mkubwa wa Jumbe, alihama kwake Mzenga akaja kuisimamia eda ile. Bi Nuria ni mama wa heshima na mwenye ibada, lakini ukimuuliza sheria za eda atakupa na zile ambazo kitabuni hazimo. Siku ya kwanza alikitoa kioo chumbani. Siku ya pili akaitoa hata sabuni ya kunukia. Mimi nilikuwa naenda na kurudi, wiki mbili Kisarawe, wiki moja Kibaha kwa mume wangu, ili dada asikae na wifi peke yake. Ninyi wanawake mtanielewa.

Kilichotutia hofu ni kwamba Mwanahalima hakulia. Siku ya msiba hakulia, siku ya arobaini hakulia. Alikuwa msusi mzuri wa ukili, mikeka yake ilikuwa inaagizwa mpaka Kibaha, lakini tukimwekea miyaa mbele yake anaitazama tu. Chakula anaonja vijiko viwili. Ukimsemesha anakujibu vizuri, kwa upole, kisha ananyamaza amegeukia mlangoni kama mtu aliyeambiwa ngoja hapa nakuja.

"Atatufia huyu," Bi Nuria aliniambia jikoni, na sauti yake siku hiyo haikuwa ya kusimamia kitu. Ilikuwa ya mtu aliyemzika mdogo wake na hataki kuzika tena.

Mwanahalima ana mtoto mmoja aliye hai, Faudhia, karani katika ofisi moja Kibaha, amepanga chumba Picha ya Ndege. Kila Ijumaa jioni alikuwa anakuja kulala kwa mama yake, Jumapili anarudi. Ijumaa moja, eda imefika siku ya hamsini na kitu, alikuja na laptopu yake na kidude cha kushika kwa mikono miwili, chenye vifungo. Akaketi kitandani na mama yake.

"Mama, jaribu hiki."

"Ni nini?"

"Gemu. Kanipa Elinipa wa ofisini kwetu."

"Mie mtu wa eda nicheze gemu? Shangazi yako akisikia si atanikaanga?"

"Si ya kelele, mama. Ni bahari tu. Nikitoka kazini kichwa kimejaa maneno ya watu, naingia humu, naogelea, natulia."

"Kuna kupigana?"

"Hakuna."

"Kuna kufa?"

Faudhia alisita kidogo. "Hakuna, mama. Humu mtu hafi. Hata pumzi haikuishii."

Mwanahalima akanyoosha mikono, akakipokea kile kidude.

Na mimi nilikuwepo, nikaona. Kioo chote cha laptopu kilikuwa buluu, buluu ya kushuka, juu nyepesi na chini nzito. Katikati yake kuna mtu mmoja mdogo, amevaa vazi la kuzamia la mwili mzima, kofia imemfunika kichwa na uso, kifuani ana taa. Huyo ndiye wewe. Unampeleka kwa kidole gumba. Anapita kwenye matumbawe, kwenye misitu ya mwani, juu ya majumba ya kale yaliyozama yenye milango wazi. Kasa wanapita. Taa kubwa, wale samaki wapana kama mkeka, wanapita juu yako na kivuli chao kinakufunika. Hakuna anayekuambia fanya hivi, hakuna pointi, hakuna saa. Kuna mawe yaliyolala kizani, ukiyafikia na kubonyeza kitufe taa yako inapiga mara moja, na jiwe linawaka. Yakiwaka mawe ya mahali pale, mlango unafunguka chini zaidi. Unashuka. Sauti ni ya maji, na mbali sana kitu kama mtu anaimba amefumba mdomo.

Siku ya kwanza aligonga miamba kila upande.

"Mtu mzima anagonga mawe," Bi Nuria alisema mlangoni.

"Ni picha za samaki tu, shangazi," Faudhia akamjibu.

Bi Nuria akasogea, akatazama, akatafuta kosa. "Haya. Hata kalenda ina picha za samaki," akasema, akaenda zake kuangalia wali.

Vidole vya Mwanahalima ni vya kusuka ukili, vinajua kwenda kila kimoja njia yake bila jicho kuviangalia. Wiki haikuisha alikuwa anaogelea kama aliyezaliwa majini. Faudhia alimwachia laptopu na simu yake ya zamani yenye bando, akanionyesha mimi jinsi ya kuwasha. Ikawa ndiyo ratiba. Akishaswali alasiri anakaa juu ya mkeka, ananiambia, "Mdogo wangu, niwashie," na anashuka mpaka karibu na magharibi. Umeme ukikatika anangoja bila kulalamika.

Akaanza kula. Kwanza uji, kisha samaki, kisha siku moja akaomba kisamvu cha nazi mwenyewe. Bi Nuria alikitwanga kile kisamvu kwa nguvu utadhani anatwangia harusi.

Kilichomfanya ale hakikuwa samaki wa kwenye kioo. Nililijua hilo baadaye. Kilikuwa ni yule mtu wa pili.

Alitokea siku ya nne au ya tano. Tulikuwa tumefika mahali penye matao marefu ya mawe, na Mwanahalima alikuwa anazunguka hajui pa kupita. Kwa mbali ikawaka taa nyingine. Akaja mzamiaji kama yeye, vazi lile lile, uso umefunikwa vile vile. Akazunguka mara moja, taa yake ikapiga, ikatoa mlio mdogo kama kengele iliyofunikwa kitambaa. Kisha akaondoka kuelekea chini ya tao. Alipofika pale akasimama, amempa Mwanahalima mgongo, anaelea. Mwanahalima akamfuata polepole. Alipomkaribia, yule akaondoka tena, mpaka tao la pili. Akasimama.

Mwanahalima aliacha kupumua. Nilikuwa nimekaa bega kwa bega naye, nilisikia.

"Huyu nani tena?" nikamuuliza.

"Mwenzangu," akasema.

Tangu siku hiyo hakukosekana. Kila alasiri dada akishuka, kwanza anakuwa peke yake, kisha anafika mahali, taa inawaka. Mimi nilidhani yule amechorwa mle ndani pamoja na kasa na samaki, na nadhani naye alidhani hivyo, kama alikuwa anadhani chochote. Faudhia hakueleza kwa sababu hatukumuuliza.

Ikafika Jumamosi, siku ya themanini na saba ya eda. Faudhia alikuwepo, amelala kifudifudi kitandani anamtazama mama yake anavyocheza. Bi Nuria alikuwa amekaa kizingitini anachambua kunde. Mwanahalima alikuwa chini sana siku hiyo, mahali pa kiza, na yule mwenzake alikuwa mbele, anasimama, anangoja, anakwenda.

"Eeh, mama leo umepata mtu mzuri," Faudhia akasema.

"Mtu gani?"

"Huyo. Mimi huwa nakutana na wenye haraka, wananiacha kwenye mataa."

"Huyu haniachi."

"Ndiyo, huyu wa leo mstaarabu."

Mwanahalima alisimamisha kidole. "Wa leo?"

"Mama, si hao ni watu? Wako makwao huko, Ulaya, Uchina, sijui wapi, wanacheza kama wewe. Intaneti inakukutanisha nao."

Kunde zilisimama ndani ya ungo. "Watu gani?" Bi Nuria akauliza. "Faudhia. Watu gani? Wanaume?"

"Siwezi kujua, shangazi. Haionyeshi. Hakuna jina, hakuna sauti."

"Kwa hiyo yawezekana ni wanaume."

"Yawezekana ni bibi kama wewe."

"Usinichezee! Mke wa mdogo wangu yuko edani, mimi nimekaa hapa mlangoni kama askari, kumbe kila alasiri anaogelea na wanaume?"

"Hawamwoni, shangazi!"

"Anaogelea nao!"

"Kavaa nguo mpaka ukucha, hata uso hauonekani. Shangazi, humu mama kajisitiri kuliko wewe hapo."

Nilijiziba mdomo kwa kanga, Mungu anisamehe. Lakini kicheko kilinikauka nilipomtazama dada. Alikuwa amekiweka kile kidude juu ya mkeka, taratibu, kama mtu anayeweka yai. Kwenye kioo yule mzamiaji alikuwa bado anaelea pale, amempa mgongo, anangoja.

"Faudhia," akasema. "Kwa hiyo kila siku ni mtu mwingine?"

"Ndiyo, mama. Anayekuwepo saa hiyo ndiye unayekutana naye."

"Siku zote hizi hakuwa mmoja?"

"Hapana, mama."

Hakuuliza kama ni wanaume au wanawake. Wakati ule sikulitilia maanani.

Bi Nuria alisema lililokuwa moyoni mwake, na alilisema akiwa analia. Kwamba eda imeharibika. Kwamba aliyetoka nje ya eda na kukaa na asiye maharimu anaianza upya, siku ya kwanza, na zile themanini na saba zimekwenda na maji. "Ndicho kitu pekee Jumbe alichobakiwa nacho kutoka kwako," akamwambia. "Hicho tu."

Mwanahalima hakubisha. Alisema, "Kweli, wifi," akalala akageukia ukutani. Jioni ile hakula. Nilipomletea maji ya kutawadha aliniambia, "Hakuwahi kunidai kitu mtu yule. Miaka yote. Nikasema hili la mwisho nitamfanyia bila doa. Nenda kaniulizie, mdogo wangu. Kama ni kuanza upya nitaanza, lakini nijue."

Hakuwa na ruhusa ya kutoka kwa swali kama lile wakati mimi nina miguu, kwa hiyo Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa Ustadhi Khalfani. Ni kijana, hajafika arobaini, anafundisha madrasa ya akina mama, na mchana ana duka lake la stationari hapo Kisarawe mjini. Nilimkuta anadurufu vyeti vya kuzaliwa vya watu. Nikangoja mpaka duka likabaki na sisi wawili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, ustadhi. Nina swali la eda, lakini utanicheka."

"Mimi hapa naulizwa mengi, mama. Sema."

Nikasema. Nilieleza yote, bahari, taa, watu wa Uchina. Hakucheka. Aliniuliza maswali kama daktari.

"Walisemezana?"

"Hapana. Taa tu."

"Kuna aliyemjua mwenzake ni nani?"

"Hapana."

"Yeye alijua kwamba ni binadamu?"

"Hakujua mpaka juzi."

"Alitoka nje ya nyumba?"

"Hata kizingiti hajavuka, ustadhi."

Akaizima ile mashine yake, kukawa kimya. "Mama, eda ni siku. Siku zikipita zimepita. Hata mwenye eda akikosea kwa kujua, anatubu kwa Mola wake, lakini hesabu hairudi nyuma. Hilo la kuanza upya halina dalili, ni maneno ya watu. Na huyu hakujua. Mwambie eda yake ni salama, akamilishe zilizobaki."

Nilihema kwa nguvu, nikasema alhamdulillahi.

"Ila sasa amejua," akaendelea. "Ajiepushe na lenye shaka. Hiyo intaneti si inazimwa? Azime. Abaki na samaki wake."

Nilirudi mbio mbio, mtu mzima kama mimi. Nilimweleza Bi Nuria kwanza, kwa adabu, neno kwa neno. "Kama ndivyo kitabu kinavyosema," akasema, "basi mimi nani." Akaingia chumbani mwenyewe kumwomba wifi yake radhi. Niliwasikia. Mwanahalima alimpa radhi, akamshukuru, akasema alhamdulillahi mara nyingi.

Lakini hakula. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Laptopu ilikaa juu ya sanduku na kitambaa juu yake, na ilipofika alasiri hakuniambia niwashie. Sikuelewa. Eda imepona, mbona mwenyewe hajapona?

Alhamisi, Bi Nuria akiwa uani, nikamkalia karibu. "Dada, ustadhi kakuambia uko salama. Kuna nini tena?"

Aliitazama laptopu iliyofunikwa kitambaa. Kisha akasema, "Swali ulilomuuliza ustadhi lilikuwa la wifi. Langu sikukupa."

"Lipi?"

"Ungeniona nimepata wazimu."

"Dada."

"Nilidhani ni yeye."

Nikamsogelea zaidi.

"Najua kafa," akasema. "Nilimshika miguu ikipoa. Najua alipo, na ninamwombea kila swala. Sikuamini kwa akili kwamba Jumbe yumo kwenye kompyuta, sijafika huko, na Mungu aninusuru. Lakini ile alasiri ya kwanza yule mtu alipotangulia akasimama, amenipa mgongo, hageuki... Mdogo wangu, nani mwingine anasubiri hivyo? Miguu yangu ilimjua. Nikasema, basi, kanifuata. Katangulia chini kama kawaida yake, na sasa ananionyesha kukoje. Nikawa kila siku nakwenda na mume wangu. Sasa naambiwa walikuwa watu thelathini na kitu. Jumbe alizikwa mwezi wa Rajabu, lakini mimi nimefiwa Jumamosi."

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake tangu utotoni, na Bi Nuria alikuja anakimbia kutoka uani na mikono yenye unga. Hakuuliza kitu. Alimkumbatia na unga wake ule ule, na akalia naye, mdogo wake ndiye aliyekuwa analiliwa. Mimi nilitoka nikawaachia chumba.

Ijumaa jioni Faudhia alifika. Nilimpokea nje nikamweleza kidogo, si yote, kwa sababu mengine ni ya mama yake kuyasema. Msichana alijilaumu sana. "Ningesema mapema, mama mdogo. Nilidhani ni kitu kidogo."

Alipoingia, mama yake alikuwa amekaa juu ya mkeka, amekunywa uji, macho yamevimba lakini yametulia.

"Faudhia, nikuulize. Uliniambia wewe wanakuacha."

"Wengi wananiacha. Wana haraka."

"Mimi hakuna aliyeniacha. Hata mmoja."

Faudhia alifikiri. "Siku zote hizo? Wote walikusubiri?"

"Wote. Walijuaje kwamba siwezi kwenda haraka?"

"Watakuwa walikuona, mama. Unavyoogelea. Mtu akikutazama anajua huyu ni wa kungojwa."

Mwanahalima akaitikia kwa kichwa. Baada ya magharibi nilimsikia katika dua yake. Alimwombea Jumbe, akawaombea wazazi, watoto wake waliotangulia, wagonjwa, akaniombea mimi na nyumba yangu. Kisha akasema, "Na wale walionisubiri, ya Rabbi, nisiowajua, wala sijui dini zao. Uwaongoze, na wewe usiwaache njiani." Bi Nuria, nyuma yake, akaitikia amina.

Kesho yake, alasiri, akaniita. "Mdogo wangu, niwashie."

Nikamtazama Faudhia. Faudhia akaizima simu yenye bando, kisha akaingia kwenye laptopu akazima na huko, akamwonyesha shangazi yake alama ya intaneti iliyokatwa mstari. Bi Nuria akavaa miwani, akahakikisha. "Hawaingii?" "Hawaingii, shangazi."

Bahari ikafunguka. Mwanahalima alimkuta mzamiaji wake mwenyewe pale pale alipomwacha Jumamosi ile, chini sana, penye kiza, anaelea. Mbele yake palikuwa na ukingo wa mwamba, na chini ya ukingo hapakuonekana kitu. Huko ndiko yule mwenzake wa mwisho alikokuwa anaelekea.

Alibonyeza kitufe. Taa yake ikapiga, mlio ukaenda, ukapotea. Akabonyeza tena. Pakawa kimya. Samaki mmoja mdogo alipita, akaondoka.

Tulikaa hivyo sote wanne. Sijui ni dakika ngapi. Vidole vyake vilikuwa vimetulia juu ya vitufe. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti na hakuyafuta, kwa kuwa mikono ilikuwa imeshika kidude.

Bi Nuria ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo sana. "Unamngoja nani, wifi?"

Mwanahalima hakugeuka. "Simngoji mtu," akasema.

Akasukuma kidole gumba. Yule mtu mdogo mwenye taa kifuani aliinamisha kichwa mbele, akapita ukingo, akashuka peke yake. Buluu iliendelea kuwa nzito mpaka ikawa nyeusi kabisa, na mwanga pekee ulikuwa ule wa kwake. Bi Nuria aliuacha ungo mlangoni, akaja akaketi ubavuni pa wifi yake, magoti yanagusana.

"Pole pole, basi," akamwambia. "Kuna jiwe hapo kushoto."

"Nimeliona."

Eda ilikuwa imebakiza siku thelathini na nne. Alizikaa zote.